Bunduki ya Upepo Uani: Vidokezo kwa Mlengaji wa Naliendele

Naliendele wengi wanaijua kwa korosho na kwa kituo cha utafiti kilicho kando ya barabara ya kwenda Newala. Anayeishi hapa anaijua pia kwa nafasi. Viwanja bado ni vipana, ardhi ni ya kichanga, na asubuhi za Jumapili ni tulivu. Haishangazi basi kwamba mtu akiona picha za watu wanaolenga makopo uani kwa bunduki ya upepo, naye anatamani. Mchezo wenyewe ni mzuri. Unatuliza pumzi, unafundisha mkono subira, na hauhitaji timu wala uwanja wa mpira.

Ila wanunuzi wengi huanza na bunduki, kisha wakatafuta pa kuipigia, na kibali wakakikumbuka mwisho kabisa. Nawaomba mgeuze mpangilio huo: uwanja na kibali vitangulie, bunduki ifuate. Na bunduki yenyewe isiwe na nguvu kuliko uwanja wako unavyoweza kubeba.

1. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, si dukani

Utamsikia mtu akisema, "Ya upepo haina shida, ile ni ya kuchezea tu." Usimwamini kwa neno lake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wa kukuambia chombo unachokitaka kinaangukia wapi ndani ya sheria hiyo ni polisi, wala si muuzaji. Maombi ya silaha huanzia mtaani, yakapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, hadi polisi wa wilaya na mkoa. Kwa hiyo mwone kwanza mwenyekiti wa mtaa, kisha nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ukiwa na maelezo kamili ya kitu unachokiwazia: aina yake, kipenyo cha mtutu, nguvu yake. Uliza, sikiliza, na jibu ulipate kwa maandishi. Kabla ya hapo usitoe hata kishika uchumba.

Maswali yakiwa mengi, usikasirike. Mtwara ni mkoa wa mpakani. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, kilivamiwa na wapiganaji waliovuka kutoka upande wa Cabo Delgado, Msumbiji. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Mwenye kumbukumbu hiyo akiona mtu amebeba kitu chenye mtutu na kitako, hatasubiri kuuliza kama kinatumia baruti au upepo. Bunduki inayouzwa kwenye mfuko, na mtu asiye na duka wala karatasi, iache hukohuko hata kama bei yake ni ya kutupa.

2. Pima mita kumi, halafu tazama kilicho nyuma

Mita kumi zinatosha. Ndiyo masafa ya mashindano ya bunduki ya upepo kwenye Olimpiki tangu mwaka 1984, na shabaha yenyewe ni ndogo ajabu: duara zima lina upana wa milimita 45.5, na alama ya kumi katikati yake ni kitone cha nusu milimita. Kwa hiyo anayedhani mita kumi ni za watoto ajaribu kwanza kukipata hicho kitone.

Swali gumu ni la nyuma ya shabaha. Kirisasi cha bunduki ya upepo kikikosa kopo hakiishii pale. Kikirushwa juu kidogo kinaweza kusafiri mita mia kadhaa. Na kwetu hapa kuna hatari ambayo vitabu vya wageni havitakutajia: mkorosho. Matawi yake huinama mpaka karibu na ardhi, yakafunika kilichomo chini kama hema. Kuanzia Septemba au Oktoba, korosho zinapoanza kudondoka, chini ya hema hilo kuna mama anaokota, kuna mtoto anafuata mabibo, na wewe uliyesimama mbali unaona majani matupu. Miezi ya kupulizia dawa nayo ina watu wake shambani. Mimi sikubali hata kidogo mtu alenge kuelekea mikorosho, iwe yake au ya jirani, iwe msimu au si msimu. Shina lenyewe nalo si ukuta: kirisasi kinaweza kulikwaruza na kuruka upande usioutarajia.

Ukuta mzuri unao miguuni mwako. Tafuta magunia ya juti, yale ya korosho, yajaze mchanga mkavu uliochekechwa mawe, yapange yafike kimo cha mtu na yapite upana wa shabaha kwa hatua moja kila upande. Mchanga hunywa kirisasi na haukirudishi. Bati, tofali na gogo gumu hukirudisha. Kisha elekeza uwanja wako ili nyuma ya magunia kuwe na ukuta wa nyumba yako usio na dirisha, au tuta la udongo, kamwe isiwe njia ya miguu. Kama huwezi kupata upande wa namna hiyo uani kwako, basi uwanja wako haufai kwa bunduki ya upepo, na hilo si la kubishana.

Mbwa, kuku na watoto wa jirani hupita bila hodi. Weka kamba yenye vitambaa vyekundu na mtu mmoja wa kuangalia.

3. Chagua nguvu ndogo

Kwenye matangazo utaona mwendo wa kirisasi umeandikwa kwa herufi kubwa: mita 300 kwa sekunde, 350, hata zaidi. Takwimu hizo hupatikana kwa virisasi vyepesi kupita kiasi. Zaidi ya hapo, kirisasi kinachokaribia mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu ni kama mita 350 kwa sekunde, huyumba na kupoteza shabaha. Unalipia kelele.

Wajerumani wana alama yenye msaada: herufi F ndani ya umbo la pembe tano, iliyochapwa kwenye chuma. Maana yake ni kwamba nguvu ya bunduki haizidi jouli 7.5. Kirisasi cha nusu gramu kinachokwenda mita 170 kwa sekunde kina takriban nguvu hiyo, na bunduki za mashindano ya mita kumi zinazunguka hapohapo. Uingereza nayo ina mpaka wa jouli kama 16 kwa bunduki ndefu isiyohitaji leseni ya silaha ya moto, ingawa Scotland siku hizi inadai cheti hata kwa hizo. Kwa uani wa Naliendele mimi nakuambia baki kwenye jouli 7.5. Inatoboa kopo, inaangusha kifuu, inazama kwenye mchanga, na mlio wake haumwamshi jirani.

4. Springi, gesi, au hewa ya kujaza?

Hapa ndipo pa kutulia, maana aina ya injini ndiyo itakayoamua utaipenda bunduki yako au utaichoka.

Ya springi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Unakunja mtutu, springi inabanwa, unaweka kirisasi, unarudisha mtutu, unalenga. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele na kusukuma hewa. Haihitaji kitu kingine chochote maishani isipokuwa virisasi na mkono wako. Umeme ukikatika, duka likifungwa, bado inafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba pistoni ikiruka, bunduki nzima hutikisika mbele na nyuma kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Dawa ni kuishika kwa ulegevu: kiganja cha mkono wa mbele kikae wazi, bunduki ilale juu yake, usiibane. Ukiikaba itakuonyesha shimo tofauti kila mara. Na unapoweka kirisasi, mkono mmoja uushike mtutu uliokunjwa bila kuuachia, kwa sababu springi ikifyatuka wakati huo mtutu hurudi kwa kishindo cha kuvunja kidole.

Ya gesi ya kaboni, ile ya vichupa vidogo vya gramu 12, ni laini na haitikisiki. Lakini Mtwara ina joto, na gesi hii inalifuata joto. Kwenye nyuzi 20 shinikizo lake ni kama baa 57. Joto likikaribia nyuzi 31, shinikizo linafika karibu 74. Mchana wetu wa kawaida uko hapohapo. Bunduki uliyoizoea asubuhi itapiga juu zaidi saa nane mchana, na ukiisahau juani au ndani ya gari unauchosha mpira wake wa ndani na unajitafutia ajali. Isitoshe, kila kichupa ni gharama, na kikiisha lazima upate kingine.

Ya tatu hujazwa hewa kwa shinikizo kubwa, mara nyingi baa 200, kwa pampu ya mkono au mtungi kama wa wazamiaji. Ni tulivu, sahihi, haitikisiki. Ukanda wetu una wazamiaji, basi utasikia wazo la kuazima mtungi. Sipingi, mradi kila kiungio kiwe cha aina yake na hewa iwe kavu. Hewa yenye unyevu wa pwani hutia kutu tumboni mwa bunduki mahali usipopaona. Kwa makopo ya uani, hata hivyo, ni gharama kubwa kwa furaha ileile.

5. Milimita 4.5

Vipenyo viwili ndivyo vimeenea: 4.5 na 5.5. Chukua 4.5. Virisasi vyake ni vya bei nafuu zaidi, na kwa nguvu ndogo husafiri kwa mstari ulionyooka zaidi kuliko vile vikubwa ambavyo huanza kushuka mapema. Upepo wa kusi unaweza kuvisukuma, ndiyo, lakini si kwa mita kumi. Ukitaka utulivu kamili, lenga asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka.

6. Darubini isubiri

Anza na vilengeo vya chuma, cha mbele na cha nyuma. Kwa mita kumi vinatosha kabisa, na vinakufundisha kuona. Mtikisiko wa springi wa mbele na nyuma huziharibu darubini za bei ndogo upesi, kisha mtu akadhani ni yeye asiyejua kulenga.

Waliotazama Olimpiki ya Paris 2024 watamkumbuka Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa miaka 51, mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida usoni, akitwaa medali ya fedha ya bastola ya upepo kwa timu ya wawili, yeye na Şevval İlayda Tarhan. Vifaa vingi havikuwa usoni pake. Mazoezi yalikuwepo.

7. Iweke begani kabla ya kulipa

Funga macho, inua bunduki begani kama unavyozoea, halafu fungua. Kama jicho halijakutana na vilengeo lenyewe, kitako ni kirefu au kifupi kwako. Kunja mtutu mara kumi mfululizo. Ukiona mkono unatetemeka, chagua laini zaidi, hata kama muuzaji anacheka. Mama au kijana mwembamba naye anataka kucheza, na bunduki ngumu kukunja huishia kuwa ya mtu mmoja.

Kama ni ya mitumba, na nyingi zitakuwa za mitumba, kagua mtutu unavyofunga: usicheze kushoto na kulia. Tazama kutu kwenye kiungio na ndani ya mdomo wa mtutu. Hakikisha namba iliyochapwa kwenye chuma inasomeka na inalingana na karatasi, iliyokwanguliwa usiiguse. Usiijaribu kwa kufyatua bila kirisasi: springi ikikosa kitu cha kusukuma, pistoni hugonga chuma kwa chuma. Muuzaji anayefyatua tupu mara tano ili kukuonyesha mlio amekwisha kukuambia alivyoitunza.

8. Kirisasi laini, siyo gololi ya chuma

Kwa karatasi na makopo, virisasi vya kichwa bapa ndivyo bora. Vinakata tundu la mviringo safi, unahesabu alama bila mabishano. Gololi za chuma ziache. Zikigonga kitu kigumu hurudi kwa kasi kwa aliyezipiga, na hazikamati vizuri mifereji ya ndani ya mtutu.

Ulaini una bei yake. Virisasi vya kawaida ni vya madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiviweke mdomoni kama wafanyavyo mafundi na misumari. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika karanga au korosho. Mchanga wa magunia uchekeche mara kwa mara, vilivyochakaa vikusanye kwenye kopo lenye mfuniko. Usiuache mchanga huo ukatawanyika kwenye bustani ya mchicha, wala mahali kuku wanapochakura, kwa sababu kuku humeza vijiwe vya kusagia chakula na hawatofautishi.

9. Piga mabibo, usipige ndege

Shabaha nzuri ziko kila mahali. Makopo ya nyanya yaliyooshwa, yakining'inizwa kwa kamba, hucheza vizuri. Vizibo vya soda vilivyobanwa kwenye fito ni mtihani wa wakubwa. Vifuu vya nazi vikining'inizwa mbele ya mchanga huzunguka kwa mlio mtamu. Na msimu wa korosho una zawadi yake: mabibo yaliyoanza kuoza, yasiyofaa tena kuliwa wala kutengenezea uraka. Yapange kwenye ubao mbele ya magunia. Yanapasuka kwa namna inayomfurahisha kila mtu, na mabaki yasiyo na virisasi unayafukia. Vaa nguo ya zamani lakini, maji yake yana doa lisilotoka.

Chupa za kioo hapana. Watoto wetu wanatembea peku, na kipande kimoja kwenye mchanga hukaa miaka kikisubiri mguu.

Ndege pia hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali kwa sababu tu yuko uani kwake, na ndege wamo ndani ya sheria hiyo. Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Bunduki ya jouli 7.5 humjeruhi ndege mara nyingi kuliko inavyomuua, akaenda kufa polepole kwenye matawi. Kadhalika usiibebe kwenda nayo matembezi ya Msimbati. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na bunduki ya aina yoyote haina kazi pale.

10. Miwani ya usalama kwa kila aliyepo

Kila aliyepo, pamoja na babu aliyekaa kitini kutazama. Ile ya mafundi wa kuchomelea yenye kioo cheupe, inayofunika pembeni, inafaa. Jicho likipigwa hakuna kipuri.

11. Chumvi ya hewani na mafuta yasiyofaa

Bahari haiko mbali, na chuma kinajua. Baada ya mchezo futa jasho la mikono kwenye mtutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Usiihifadhi kwenye mfuko wa nailoni au kasha lenye sponji kipindi cha masika, unyevu utafungwa humo ndani na ukifungua utakuta madoa mekundu. Kabati kavu lenye kufuli ni bora zaidi, virisasi vikiwa kwenye kufuli nyingine.

Ndani ya silinda ya springi usitie mafuta ya cherehani, ya pikipiki wala ya nazi. Hewa inapobanwa kwa ghafla hupata joto kali, mafuta hayo yakawaka humo ndani kama kwenye injini ya dizeli. Utasikia mlio mkubwa, utaona moshi, na utafurahi kwa dakika moja. Springi na mpira wa pistoni ndivyo vitakavyolipa. Wala usiiache imekunjwa usiku kucha. Springi iliyobanwa muda mrefu huchoka.

12. Jirani ajue kabla hajasikia

Pita nyumba za karibu, mwambie balozi, sema siku na saa utakazolenga. Waalike waje waone magunia. Mlio mdogo usiojulikana unatisha kuliko mkubwa unaojulikana. Na ukiihamisha, kwa mfano kuipeleka kwa fundi mjini, iende haina kirisasi, imefungwa kwenye kasha lisiloonyesha umbo, karatasi zake zikiwa mfukoni. Bodaboda si chombo chake.

13. Kibali kikichelewa, kuna manati

Raha ya kulenga haisubiri mhuri. Tafuta panda ya mpera iliyokomaa, pande zake mbili ziwe na unene sawa, ikaushe kivulini bila kuimenya yote kwa pupa ili isipasuke. Kata mipira miwili ya urefu mmoja kutoka kwenye tyubu ya baiskeli isiyo na viraka, na kipande cha ngozi laini ya kiatu cha zamani kwa kushikia gololi. Kaza kwa nyuzi za tyubu hiyohiyo, na kabla ya kila mchezo vuta taratibu ukitazama kama kuna ufa kwenye mpira, kwa sababu ukikatika hurudi usoni.

Gololi finyanga kwa udongo wa mfinyanzi, zote za ukubwa mmoja, zianike juani mpaka zikauke kabisa. Gololi za ukubwa mmoja ndizo zinazofanya manati ilenge kweli. Mawe ya kuokota kila moja lina njia yake. Zikigonga mchanga husagika, na mvua inamalizia. Magunia ni yaleyale, mita kumi ni zilezile, miwani ni ileile, na mikorosho inabaki nyuma yako.